Mtambo Unapohamishwa Kilomita Tano: Hatari ya Safari Fupi Katika Barabara za Pwani

Ukisimama pale Makofia, barabara ya Msata inapoachana na ile ya kuingia Bagamoyo mjini, utaona magari ya kila aina. Daladala za Dar es Salaam, malori ya kokoto, bodaboda zenye magunia ya mkaa, na mara kwa mara lori refu lenye tela la chini lililobeba mtambo wa ujenzi. Juu ya tela hukaa kijiko, greda, tingatinga au mtambo wa kushindilia. Watoto hupunga mikono, bodaboda hujipenyeza ubavuni, lori linapita na sisi tunarudi kwenye shughuli zetu.

Katika makala haya tunazungumzia siku ambayo lori hilo halipiti salama. Na tunazungumzia zaidi safari moja ambayo wengi huidharau: ile ya kilomita tatu, tano au kumi, kutoka machimbo hadi eneo la kazi, au kutoka kipande kimoja cha barabara inayojengwa hadi kingine. Safari ndefu ya mtambo huandaliwa, kwa sababu njiani kuna mizani na askari. Safari fupi hufanywa kwa mazoea. Na hiyo fupi ndiyo inayopita katikati ya vijiji vyetu.

Kwa nini mitambo imekuwa mingi

Ukanda wetu wa pwani uko kwenye ujenzi. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za sehemu ya kwanza ya barabara kubwa ya pwani, inayokusudiwa kuunganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga, kisha kuvuka mpaka hadi Mombasa na Malindi upande wa Kenya. Ndani ya mradi huo limo daraja la Mto Pangani lenye urefu wa mita 525. Upande wa Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo imekuwa ikichimbwa na kupanuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka hadi maeneo ya Tegeta. Kokoto nyingi za kazi za namna hii hutoka kwenye machimbo ya Lugoba, na machimbo nayo yana mitambo yake.

Bandari ya Bagamoyo ni habari nyingine. Makubaliano yake yalianza mwaka 2013, uzinduzi ukafanyika Oktoba 2015, mradi ukasimamishwa mwaka 2019, na mwaka 2021 Serikali ikatangaza kurudi kwenye mazungumzo. Lakini hata tukiiweka bandari kando, barabara, viwanda, mashamba ya miwa ya Makurunge na nyumba zinazojengwa kila uchao kuanzia Bunju hadi Kiromo vinatosha kuleta mitambo mizito kila mwezi. Mtambo haukai mahali pamoja. Ukimaliza kazi hapa, unahamishwa.

Mzigo huu ni mkubwa kiasi gani

Tuchukue kijiko cha kawaida cha kuchimbia, kile cha ukubwa wa kati ambacho wengi wetu tumekiona. Chenyewe kina uzito wa tani 20 hadi 22. Ongeza tela la chini, ambalo madereva huliita lobedi, na kichwa cha lori. Jumla inafika tani 40 au zaidi. Huo ni uzito unaozidi mabasi makubwa mawili yaliyojaa abiria na mizigo yao, na wote unapita kwenye kalavati moja kwa wakati mmoja.

Upana wake ni karibu mita 2.8, na vingine hufika mita 3. Njia moja ya barabara ya lami kwa kawaida ina upana wa kama mita 3.25 hadi 3.5. Kwa hiyo hata dereva akikaa katikati kabisa ya njia yake, kila upande hubaki nafasi isiyofika nusu mita. Bodaboda anayejipenyeza hapo anaingia kwenye tundu ambalo halipo.

Urefu wa kwenda juu nao una hesabu yake. Kijiko kikikunjwa vizuri kwa safari hufika kama mita 3. Sakafu ya lobedi iko karibu mita moja kutoka ardhini, kwa hiyo jumla ni mita 4 na kidogo. Lakini mtu akiamua kukipakia kwenye tela la kawaida la mizigo, ambalo sakafu yake iko kama mita 1.5 juu, jumla inafika mita 4.5 au zaidi. Nusu mita hiyo inatosha kugusa waya wa umeme uliolegea unaovuka barabara ya kijiji.

Kwa nini safari fupi hudharauliwa

Sababu ya kwanza ni fedha. Kukodi lobedi kuna gharama yake, na mwenye lobedi hulipwa hata kama safari ni ya dakika 20. Mkandarasi mdogo hujiuliza kwa nini alipe vile kwa kilomita tano tu. Matokeo yake mtambo hutembezwa wenyewe barabarani kwa mikanda yake ya chuma ukichana lami, au hupakiwa kwenye gari lolote lililopo.

Sababu ya pili ni haraka. Mvua za masika zinakaribia, kazi imechelewa, mhandisi anapiga simu. Cheni mbili zinafungwa badala ya nne. Gari la kusindikiza linaachwa kwa kuwa ni hapo tu. Safari inaanza jua limezama ili asubuhi mtambo uwe kazini.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi wenyewe. Mara nyingi mtambo unaingia kijijini kwa sababu tumeuomba. Tunataka kijiko kituchimbie lambo la mifugo, au greda litusawazishie uwanja wa shule. Tunawaonyesha njia ya mkato inayopita shambani, juu ya kalavati lililojengwa kwa ajili ya pikipiki na magari madogo. Kalavati likivunjika, hatuna wa kumlaumu peke yake.

Tufikirie kijiji kilicho ndani kidogo ya Kiwangwa, ambako mananasi ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Kalavati likivunjika katika msimu wa mavuno, lori la mnunuzi halifiki shambani. Nanasi lililoiva halisubiri fundi. Na mama mjamzito akipatwa na uchungu usiku huo, gari la wagonjwa linasimama ng'ambo ya korongo. Hiyo ndiyo bei ya kilomita tano zilizofanywa bila maandalizi, na anayeilipa mara nyingi si mwenye mtambo.

Sheria inasemaje

Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutekelezwa nchini mwaka 2019. Chini ya sheria hiyo uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, tena kwa gari lenye ekseli za kutosha. Ekseli nazo zina viwango vyake, kwa sababu barabara haiumizwi na jumla ya uzito tu. Inaumizwa zaidi na uzito ulioshindiliwa mahali pamoja. Ndiyo maana malori ya mizigo husimama kwenye mizani kama ile ya Vigwaza katika Barabara ya Morogoro.

Mzigo unaozidi vipimo vya kawaida kwa upana, urefu au uzito unahitaji kibali maalumu kabla ya kuingia barabarani. Kibali huja na masharti: njia ya kupita, muda wa kusafiri, ambao kwa kawaida ni mchana, alama za tahadhari, na gari la kusindikiza pale linapohitajika. Kibali hakiangalii kama unakwenda Tanga au unakwenda kijiji cha pili. Upana wa mita 3 ni mita 3 popote ulipo.

Kuna jambo la kukumbuka hapa. Kibali hutolewa kwa mzigo usioweza kugawanywa. Kama ndoo ya kijiko au jembe la tingatinga linaweza kufunguliwa na kubebwa peke yake, lifunguliwe. Watu wa Bagamoyo wanalijua somo hili tangu zamani. Novemba 1874, Stanley alipoondoka mji huu kuelekea bara, boti yake iliyoitwa Lady Alice ilibebwa vipande vipande kwenye mabega ya wapagazi. Hakuna aliyejaribu kuibeba nzima. Msemo wetu wa "mzigo mzito mpe Mnyamwezi" ulitokana na sifa ya wapagazi wa misafara hiyo, lakini hata Mnyamwezi alikuwa na kipimo cha mzigo wake.

Tusisahau pia kwamba barabara zina wenyewe. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Lobedi linapoacha lami ya Msata na kuingia njia ya vumbi, limetoka mikononi mwa mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Mkandarasi aliyezungumza na TANROADS peke yake hajamaliza kazi.

Kupakia na kufunga

Ajali nyingi za uhamishaji hazitokei mwendo ukiwa mkali. Hutokea wakati wa kupakia na kushusha. Kijiko kinapanda ngazi za chuma za tela, ngazi moja inazama kwenye mchanga, mtambo unalala ubavu. Huku pwani ardhi yetu nyingi ni mchanga, na mabondeni kama Ruvu kuna udongo mweusi unaoteleza ukilowa. Mahali pa kupakia panatakiwa pawe tambarare na pagumu. Opereta afunge mkanda. Awepo mtu mmoja tu wa kumwelekeza, naye asimame mahali opereta anapomwona. Wengine wote wakae mbali, si chini ya mita 10. Kijiko kinapanda kwenye tela si sinema ya kwenda kutazama na watoto.

Mtambo ukishapanda, unafungwa. Chuma juu ya chuma huteleza, na kikiwa na matope au mafuta huteleza zaidi. Kwa hiyo sakafu ya tela isafishwe, na mara nyingi huwekwa mbao chini ya mikanda ya mtambo. Kanuni za Marekani hutaka mtambo wowote wenye uzito wa kilo 4,536 au zaidi ufungwe kwa vifungo visivyopungua vinne, na mkono au ndoo ishushwe na ifungwe peke yake. Viwango vya Ulaya hutaka vifungo vihimili, upande wa mbele, nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 upande wa pembeni na nyuma. Kwa kijiko cha tani 20, maana yake dereva akikanyaga breki ghafla, cheni lazima zizuie nguvu ya tani 16. Cheni mbili zenye kutu haziwezi.

Cheni hulegea njiani. Marekani dereva hutakiwa kukagua mzigo wake upya ndani ya kilomita 80 za kwanza. Huku kwetu, kwenye matuta na makorongo, ni busara kusimama na kukaza mapema zaidi, hasa baada ya kutoka njia ya vumbi na kuingia lami.

Tumeshaona matokeo

Machi 11, 2015, eneo la Changarawe karibu na Mafinga mkoani Iringa, basi na lori viligongana na kontena likaliangukia basi. Watu zaidi ya 40 walikufa. Februari 24, 2024, pale Ngaramtoni mkoani Arusha, lori liliyagonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Taarifa ya polisi ilitaja breki zilizoshindwa kufanya kazi. Ajali hizi mbili hazikuhusu kijiko juu ya lobedi. Tunazitaja kwa sababu zinaonyesha mambo mawili yanayoua: mzigo unapotoka mahali pake, na breki zinapozidiwa na uzito.

Hesabu ya breki ni rahisi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama tangu breki zinaposhika huongezeka mara nne. Kabla ya hapo kuna muda wa dereva kushtuka na kukanyaga. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde moja na nusu ya kushtuka ni mita 33, na breki bado hazijaguswa. Kwa mwendo wa 40 ni mita 17. Kwa hiyo usivuke mbele ya lobedi kwa kuamini kwamba dereva amekuona. Anaweza kukuona na bado asiweze kusimama.

Waya ukiguswa

Mtambo ukigusa waya wa umeme, watu hukimbilia kusaidia. Hapo ndipo msiba mmoja unapozaa misiba mitatu. Umeme hushuka kupitia gari hadi ardhini na kusambaa kwenye udongo unaolizunguka. Aliye ndani ya gari abaki ndani mpaka watu wa TANESCO wathibitishe kwamba umeme umekatwa. Walio nje wakae mbali mita 10 au zaidi, na wasiguse gari wala waya, hata ukionekana umekufa. Kama gari linaungua na lazima kutoka, aruke mbali kwa miguu miwili iliyobanwa pamoja, asishike gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi fupi za kuburuza miguu.

Hakuna anayepaswa kupanda juu ya mtambo na kuinua waya kwa mti ili lori lipite. Jambo hili hufanywa na vijana wasaidizi, na kwa kawaida hakuna aliyewafundisha lolote.

Vijana wetu juu ya tela

Kazi za ujenzi zinawapa vijana wetu riziki, na hilo ni jema. Lakini kijana anayeitwa asubuhi kusaidia kufunga cheni, akaahidiwa ujira wa siku, anatakiwa kujua haki zake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde, na msimamizi wake ni OSHA. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015 kwa ajili ya wanaoumia kazini. Tatizo ni kwamba kijana asiye na mkataba wala jina kwenye orodha hupata shida kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi. Kabla ya kupanda kwenye tela, jina liandikwe. Na mtambo ukiwa safarini, hakuna mtu kukaa juu yake wala pembeni yake.

Kijiji kiulize nini

Kijiji hakina mamlaka ya kufunga barabara ya umma. Kupanga mawe au magogo njiani ni kosa na ni hatari. Lakini kijiji kina haki ya kuuliza. Mwenyekiti na mtendaji wakisikia mtambo unakuja, tunashauri wamwulize mkandarasi mambo matano.

Kwanza, uzito wa jumla ni tani ngapi, na utapita njia gani? Pili, nani amekagua makalavati na madaraja ya njia hiyo, na je, meneja wa TARURA wa wilaya anajua? Tatu, utapita saa ngapi? Isiwe saa ya watoto kwenda au kutoka shule, isiwe siku ya gulio, isiwe usiku. Nne, nani atatangulia mbele na nani atafuata nyuma kuonya watu? Tano, kitu kikiharibika, nani atakitengeneza na ndani ya siku ngapi?

Majibu yaandikwe. Barua ya ukurasa mmoja yenye saini inatosha, nakala ikaenda TARURA na nyingine kituo cha polisi. Picha za kalavati zipigwe kwa simu kabla mtambo haujapita. Ni dakika tano za kazi, na bila picha hizo ubishi wa nani aliharibu unaweza kudumu mwaka mzima. Anayeharibu barabara ya umma anawajibika, lakini lazima ijulikane ni nani.

Tunajua mkandarasi mwingine atasema maswali haya yanamchelewesha. Ni kweli, huenda yakamchukulia nusu siku. Lakini mtambo uliolala ubavu korongoni unachukua siku nyingi zaidi kuinuliwa, na kuinuliwa kwake kunahitaji mtambo mwingine, ambao nao utabebwa na lobedi kupita njia ile ile. Mkandarasi makini atakuwa na majibu tayari kabla hajaulizwa.

Na wewe unayekutana na lobedi barabarani leo, kaa nyuma mahali unapoviona vioo vya dereva. Kama huvioni, naye hakuoni. Ukiona mzigo umehama, cheni inaburuzwa au mtambo unasafirishwa usiku bila taa wala kimulimuli, mweleze askari wa karibu au piga 112. Taja mahali ulipo, lori linaelekea wapi, na namba za tela kama umeziona.